Mtamba (farasi jike mchanga) wa miaka mitatu anakataa lijamu, nimebakiza wiki sita, naombeni msaada

kijana_wa_usariver

Habari zenu wakuu, wazee wote shikamooni. Mimi nipo Usa River nje kidogo ya Arusha, natunza farasi kwenye shamba la watu huu mwaka wa nne, wapo tisa. Kulisha, kusugua, kusafisha kwato, kutibu kupe, hayo nayajua na wale wakubwa nawapanda mwenyewe asubuhi kuwanyoosha. Sasa nimepewa kazi ambayo sijawahi kuifanya peke yangu na sina wa kumuuliza hapa.

Kuna mtamba mmoja, mama yake alikuwa farasi wa mashindano kaletwa kutoka Kenya, huyu mtoto kazaliwa hapahapa na usiku ule nilikuwepo mimi na tochi ya simu. Katimiza miaka mitatu mwezi wa pili. Bosi anataka baada ya wiki sita awe anapandika kwa sababu kuna wageni wanakuja na farasi hawatoshi.

Hedikola (mikanda ya kichwani isiyo na chuma) anavaa bila shida, anaongozwa vizuri, miguu yote anatoa, kwenye kamba ndefu anazunguka na akisikia "simama" anasimama. Shida ni lijamu tu, kile chuma cha mdomoni. Siku tatu za kwanza nilipaka molasi akaipokea mwenyewe nikafurahi sana, siku ya nne akainua kichwa mpaka karibu na bati, na sasa hivi akiona tu hatamu (mikanda ya kichwani inayoshika lijamu) begani kwangu anageuka anakwenda kona ya boksi ananipa matako. Nikifanikiwa kumvisha anatafuna hovyo, ulimi anaupitisha juu ya chuma unaning'inia pembeni, na nikigusa kigwe (kamba ya kumwongozea) cha kulia anatupa kichwa kama kaumwa na nyuki. Cha kushoto afadhali kidogo. Lijamu yenyewe ni ile ya kawaida ya kiungo kimoja katikati, ya mama yake.

Jingine sijui kama linahusiana, siku hizi majani makavu anatema vibonge, nakuta vimelowa mate chini ya hori.

Mwenzangu hapa anasema nibane mkanda wa pua asiweze kufungua mdomo, nimuache nao masaa mawili kila siku mpaka akubali. Moyo wangu unakataa ila muda ndio huo unakwenda. Nifanyeje?

---

mkia_mrefu

Mwenzako yuko sahihi bro. Farasi ni kama mtoto, ukimchekea mara moja kesho anakupanda wewe. Mi nimeona watu wanabana mdomo na wakizidi wanatia lijamu kali zaidi ile yenye mnyororo chini ya kidevu, siku mbili tatu kanyooka. Wiki sita mbona nyingi hizo.

---

saisi_wa_ngong

Kijana marahaba. Nimesoma maneno yako mara mbili na hapo kwa majani nikasimama. Usibane kitu chochote. Toa hiyo hatamu uitundike ukutani na usiiguse tena mpaka mtu anayejua meno aingize mkono ndani ya huo mdomo.

Nikwambie mimi ni nani ndio usidhani ni mtu tu anaongea. Babangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, huko Ngong, Nairobi, alianza kazi pale miaka michache baada ya ule uwanja wa mbio za farasi kufunguliwa 1954, na mimi nikaingia nikiwa kijana kama wewe. Farasi wa mashindano wanaanzishwa mapema sana, wanakimbia wakiwa na miaka miwili, kwa hivyo lijamu wanawekewa hata kabla hawajafika hiyo miwili. Nimewavisha wengi siwezi hesabu. Na nitakwambia kitu nimeona, farasi mchanga ambaye alikubali lijamu siku tatu halafu ya nne akakataa, huyo hana tabia mbaya. Wa tabia angekataa siku ya kwanza. Huyu amekubali, akaumia, sasa anakumbuka.

Unasema kulia ni mbaya kuliko kushoto. Unasema anatema majani. Hayo ni maneno yake anakuambia, hana mdomo mwingine wa kuongea.

Mimi nilikuwa na mtamba hivyo hivyo, wa rangi ya kahawia na nyota kwa uso, mwenye kumfundisha (si jina la kutaja) alisema ni kichwa ngumu, tubane mkanda. Tukabana. Alikuwa anasimama kimya kweli, watu wakasema amekubali. Lakini ukiweka mkono shingoni misuli imekuwa ngumu kama mti na jasho linatoka nyuma ya masikio hali asubuhi ni baridi. Wiki ya pili akainuka kwa miguu ya nyuma na kijana juu yake wakaanguka pamoja. Kijana alivunjika mfupa wa bega. Ndio wakaleta daktari na akatoa kijino kidogo hivi, kama punje ya mahindi, kilikuwa kinagongwa na chuma kila siku. Mimi nilikuwa nimeshika tochi siku hiyo. Hicho kijino nilikiweka mfukoni nikaenda nacho nyumbani.

Wewe mkia_mrefu sikukatazi kusema, lakini huo mkanda wa pua lazima vidole viwili vya mtu mzima viingie chini yake pale juu ya mfupa wa pua. Ukibana zaidi ya hapo hawezi kutafuna wala kumeza mate vizuri, na farasi asiyeweza kumeza shingo yake haiwezi kulegea. Utakuwa umefunga mdomo, hujafundisha kitu.

---

dokta_wa_ng'ombe_na_farasi

Naunga mkono mzee hapo juu, na niongeze upande wa meno maana ndiyo kazi yangu, niko Moshi.

Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani, halafu kuna pengo refu lisilo na jino, ni fizi tupu juu ya mfupa, halafu magego. Lijamu inakaa kwenye hilo pengo, juu ya ulimi. Fizi ya pale ni nyembamba sana, chini yake ni mfupa wenye ukingo. Pitisha kidole utausikia. Sasa hicho kijino alichokisema mzee kinaota mbele kidogo tu ya gego la kwanza, mara nyingi taya la juu, kinaota kwa majike na madume vilevile, wengine wanacho upande mmoja tu, wengine hawana kabisa. Mara nyingine kinabaki chini ya fizi hakionekani, ukibonyeza farasi anaruka. Lijamu ikivutwa inasukuma ngozi ya shavu kwenye hicho kijino na kwenye makali ya gego, ngozi inachanika kwa ndani na kwa nje huoni chochote.

La pili ni umri wake. Farasi anabadilisha meno ya utoto kuanzia miaka miwili na nusu hadi minne na nusu hivi. Magego ya mbele ya utotoni yanatoka kama vikofia, jino la ukubwa linasukuma kutoka chini na kikofia kinabaki juu kimelegea, kinayumba, kinachoma fizi. Mtamba wa miaka mitatu yuko katikati kabisa ya shughuli hiyo. Kutema vibonge vya majani ni dalili ya kawaida ya mdomo unaouma, anatafuna upande mmoja, anashindwa kusaga, anatema.

Tafuta daktari mwenye kifaa cha kufungulia mdomo na dawa ya kumtuliza. Usiingize mkono mwenyewe huko nyuma bila kifaa, magego ya farasi yanavunja kidole. Ila kuna vitu unaweza kuangalia leo hii: nusa pumzi yake, kama inanuka vibaya andika. Papasa mashavu kwa nje kwenye mstari wa magego, bonyeza taratibu kulia na kushoto, angalia kama anakwepa upande mmoja. Angalia pembe za midomo kama pana mchubuko au rangi imebadilika. Na mpime joto, 37.5 hadi 38.5 ndiyo sawa yake, maana huku kwetu kwenye kupe farasi mchanga akibadilika tabia ghafla nataka kwanza nijue hana homa.

Na hiyo lijamu ya mama yake iache. Ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine.

---

kijana_wa_usariver

Dokta asante sana, mzee asante. Nimekwenda sasa hivi. Joto 37.9. Pumzi inanuka kiasi, mama yake nikimnusa hanuki hivyo. Kulia nilipobonyeza karibu na pembe ya mdomo kavuta kichwa na kurudisha masikio, nikarudia baada ya dakika tano vilevile, kushoto hakujali. Nimejisikia vibaya sana wakuu. Siku tano nzima nilikuwa namvuta kigwe cha kulia nikidhani ananifanyia jeuri.

Bosi nimemwambia, hakufurahia ila kakubali daktari aje Alhamisi. Kaniuliza swali moja, je hizo siku mdomo unapopona kazi inasimama? Sikuwa na jibu.

---

barka_mzanzibari

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mdogo wangu usijilaumu, aliyeuliza ndiye aliyemuokoa huyo mnyama. Mimi kwetu Unguja lakini nimekulia Oman, nipo Barka, kazi yangu ni farasi wa kiarabu. Hapa kuna kitu kinaitwa ardha, farasi wanakwenda wawili wawili sambamba mbio kweli, wapandaji wamesimama juu ya migongo wameshikana mabega, huku wanaume wanaimba. Mwaka 2018 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi. Watu wanaoitazama wanaona ushujaa wa kusimama juu ya farasi. Mimi ninayewatunza naona kingine, naona farasi anayekimbia sambamba na mwenzake na mtu juu yake amesimama wima hana miguu ya kumbana mbavu. Farasi huyo kafundishwa yuko chini ardhini miezi na miezi kabla mtu hajafikiria kupanda.

Kwa hiyo jibu la bosi wako ni hapana, kazi haisimami. Kazi ndiyo inaanza. Kumpa lijamu ni kazi ndogo tu, kubwa ni yeye kuelewa unasema nini. Na kuelewa hakuhitaji chuma.

Fanya hivi. Hedikola yake unayo, ina pete pembeni. Funga vigwe viwili virefu, mita saba hadi nane kila kimoja, kamba laini isiyochoma mkono, kimoja pete ya kulia kimoja ya kushoto. Mvishe mkanda wa tumbo wenye pete upitishe vigwe humo visishuke kwenye miguu, ila kwanza mzoeshe kamba kumgusa mapajani na juu ya kisigino cha nyuma, taratibu, awe amesimama na mtu wa kumshika kichwani, maana kamba ikimshtua nyuma atapiga teke na wewe ndiye uliye nyuma. Kaa nyuma yake kwa upande kidogo, mbali na miguu. Kisha mswage. Kabisa kama unavyomswaga ng'ombe kwenda malishoni ila wewe una vigwe mkononi.

"Twende" kwanza kwa sauti, akikawia piga kidoko, akikawia bado mguse ubavuni kwa kigwe pale ambapo siku moja mguu wako utakaa. Akiinua hata kwato moja kwenda mbele, kila kitu kinanyamaza. Sauti inanyamaza, kigwe kinatulia. Hapo hapo, si baada ya hatua tatu. Ukichelewa yeye anajifunza kitu kingine kabisa, anajifunza kwamba akienda pia anasumbuliwa.

Kusimama: vuta pumzi, simamisha mwili wako mwenyewe kwanza, sema "simama", halafu ndio funga vidole kwenye vigwe kama unayekamua sponji. Akisimama fungua vidole. Kugeuka kulia kamua cha kulia huku cha kushoto unakiachia kiende, usivute viwili. Watu wengi mkono wa kulia unasema njoo na wa kushoto unasema usije, mnyama anachanganyikiwa halafu anaitwa mbishi.

Dakika ishirini kwa siku zinatosha. Zunguka naye shambani, mpitishe kwenye majani, kwenye dimbwi, pembeni ya trekta. Wiki tatu za hivyo, siku utakayompa lijamu atakuwa tayari anajua lugha nzima, wewe utakuwa umebadilisha tu mahali unapomgusa.

---

mtu_wa_lamu

Nimefuata mazungumzo haya kwa raha. Sisi huku kwetu Lamu ni punda, vichochoro vyetu haviingii gari, na punda wengi mtu ampanda hana lijamu, ni kijiti cha kumgusa shingoni huku na huku na sauti. Klinika ya punda ipo hapa tangu 1987 na mambo wanayotufundisha sana ni hayohayo ya kamba za nailoni zinazokata ngozi. Suali langu, kwani lazima huyo farasi awe na chuma? Si apandwe na hedikola tu maisha yake yote?

---

barka_mzanzibari

Inawezekana kabisa kaka na wako wanaofanya, na mimi farasi mmoja mzee nampanda hivyo. Ila huyu atapandwa na wageni, mikono ya kila aina, na bosi ndiye mwenye uamuzi. Bora ajue vyote viwili. Na ujue hedikola nayo ikivutwa kwa nguvu inaumiza mfupa wa pua, mkono mbaya ni mbaya hata ukishika uzi.

---

saisi_wa_ngong

Huyo wa Barka ameongea maneno ya kazi. Mimi nangoja Alhamisi. Kijana hiyo siku daktari akija shika tochi wewe mwenyewe, usimwachie mtu mwingine, uone ndani.

---

kijana_wa_usariver

Wakuu nimerudi. Daktari alikuja Alhamisi ile. Alimchoma dawa ya kutuliza, akili ikapungua kichwa kikashuka, akafungua mdomo kwa kile chuma, mimi na tochi kama mzee alivyosema. Kijino kilikuwepo, kulia juu, kimelala kwa upande kimefunikwa fizi nusu. Na gego la mbele lake palepale kikofia kilikuwa kimelegea, akakishika na koleo kikatoka chenyewe, chini yake majani yameoza, ndiyo ile harufu. Ndani ya shavu palikuwa na kidonda urefu wa ukucha wangu wa dole gumba. Kushoto hana kijino kabisa. Kile cha kulia kilitoka na mzizi wake wote, akaniambia niangalie ni kirefu kuliko kinavyoonekana. Akasema lijamu hapana mpaka wiki tatu zipite na fizi ifunge.

Siku ya tatu vibonge vya majani viliisha chini ya hori.

Kwa hiyo nikafuata ya kaka wa Barka. Siku ya kwanza ya vigwe virefu ilikuwa fujo, alijizungusha akajifunga kamba miguuni, bahati mwenzangu alikuwa kamshika. Siku ya nne tukatoka getini. Sasa tunakwenda mpaka kwenye mashamba ya kahawa na kurudi. "Twende" anaijua, "simama" anaijua, kugeuka kushoto vizuri sana, kulia mwanzoni alikuwa anakaza shingo hata na hedikola tu nadhani alikuwa bado anakumbuka, nikawa namuomba kidogo namuachia, kidogo namuachia, siku ya kumi akageuka bila kukaza. Kaka wa Barka ulivyosema kuachia hapohapo sikuelewa mpaka nilipoona sikio lake. Nikifungua vidole sikio moja linarudi nyuma kwangu linanisikiliza, nikichelewa halirudi.

Kesho kutwa wiki tatu zinatimia. Nataka kuanza lijamu upya na naogopa kuharibu. Nivishe vipi? Na ipi?

---

saisi_wa_ngong

Kijana umefanya kazi safi. Sasa sikiliza, hii ndio sehemu yangu.

Kwanza saizi. Chukua kijiti laini cha mviringo au uzi mnene, pitisha mdomoni pale lijamu itakaa, weka alama pembe ya mdomo hii na hii, ongeza nusu sentimita kila upande, hiyo ndio lijamu yake. Ya mama yake ikiwa kubwa ilikuwa inatembea kushoto kulia na kile kiungo cha katikati kinakunjika vibaya. Mimi farasi mchanga napenda ile ya viungo viwili yenye kipande kidogo katikati, inalala vizuri juu ya ulimi. Usinunue nene sana kwa kudhani ni ya huruma, mtamba wa damu ya mashindano mdomo wake ni mdogo, ukimjazia chuma nene hana pa kuweka ulimi na atautoa nje tena. Zamani tulikuwa na ile yenye vifunguo vitatu vinaning'inia katikati acheze navyo kwa ulimi. Wengine walitulia nayo, wengine waliamka na tabia ya kutafuna-tafuna bila kuacha. Huyu simpi, ulimi wake tayari una historia.

Urefu wa kamba za mashavu: chuma kiguse pembe za midomo kikunje ngozi kidogo tu. Ikining'inia chini ulimi unapita juu yake, na ulimi ukizoea kupita juu ni kazi kuurudisha.

Sasa kuvisha. Asubuhi kwenu huko chini ya mlima Meru ni baridi, chuma kikilala nje usiku kinashika ulimi. Tia ndani ya shati lako ukiwa unamsugua, ikifika wakati iko na joto la mwili. Simama kushoto ukiangalia mbele kama yeye, mkono wa kulia upite chini ya shingo ushike mfupa wa pua kwa upole, usikabe. Lijamu ikae kwenye kiganja cha kushoto, iguse midomo. Ngoja. Usisukume kwa meno. Kama hafungui ingiza dole gumba pembe ya mdomo pale penye pengo hapana jino, bonyeza ulimi kidogo, atafungua. Iingie bila kugonga jino hata moja. Masikio pitisha moja moja uyakunje mbele na siyo kuyavuta.

Na kuvua, hapa ndio watu wengi wanaharibu, hata mimi niliharibu wengi nikiwa mchanga. Mtu amechoka, ana haraka ya chai, anavuta hatamu juu ya masikio na chuma bado iko ndani, inagonga meno ya mbele, farasi anatupa kichwa, inagonga tena. Siku nne tano za hivyo na atakuchukia. Wewe fanya hivi: shusha kamba ya kichwani pole pole mpaka chuma ilegee, kisha simama. Weka kiganja chini ya kidevu na ungoje. Atafungua mwenyewe aiangushe kwa mkono wako. Inaweza kuwa sekunde tano, inaweza kuwa dakika. Ngoja hiyo dakika.

Siku nne za mwanzo usifunge vigwe kwa lijamu kabisa. Mvishe juu ya hedikola, fanya kazi yako ya vigwe virefu na hedikola kama kawaida, chuma iko tu ndani imekaa. Akiisahau akaanza kulamba na kumeza, siku ya tano unahamisha kigwe kimoja tu cha kushoto, kesho yake cha kulia.

Usimfunge popote kwa lijamu. Usimwache peke yake nayo boksini. Hayo mawili ni sheria.

---

dokta_wa_ng'ombe_na_farasi

Mzee kamaliza. Mimi niseme la uzito kwa sababu wiki sita zile zinakaribia na najua nini kitafuata. Mifupa ya mgongo wa farasi ndiyo ya mwisho kukomaa, inafika miaka mitano na zaidi. Mpime uzito kwa futi ya fundi: mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawa kwa 11,877. Unapata kilo za kukisia.

---

kijana_wa_usariver

Nimepima. Kifua 170, urefu 160. Inatoka 389.

---

dokta_wa_ng'ombe_na_farasi

Haya. Hata farasi mzima aliyekomaa tunasema mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia ishirini ya uzito wake, yaani kwake kilo 78. Kwa mchanga kama huyu mimi nataka asilimia kumi na tano, kilo 58 na tandiko ndani. Wewe una kilo ngapi?

---

kijana_wa_usariver

62. Na tandiko letu jepesi ni kilo 7.

---

dokta_wa_ng'ombe_na_farasi

Basi tafuta mwepesi kuliko wewe kwa mara za kwanza, wewe uwe chini unamshika maana sauti anayoijua ni yako. Dakika kumi, kutembea tu. Mgeni wa kilo 90 hapandi huyu mwaka huu, na hilo mwambie bosi kwa namba, namba huwa wanazisikia. Ukitaka niandikie karatasi nitaandika.

---

kijana_wa_usariver

Wakuu, leo ni siku ya sita ya lijamu.

Siku ya kwanza aliponiona na hatamu aligeuka kona kama zamani. Sikumfuata. Nilikaa juu ya ndoo mlangoni nikaiweka mapajani, nikawa napaka molasi vidole vyangu nalamba mwenyewe. Kama robo saa hivi akaja kunusa. Nikamuachia alambe chuma, nikaondoka nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa siku nzima. Siku ya pili akafungua mdomo kabla sijatia dole gumba.

Ulimi hautoki tena. Mara moja tu jana alipoona mbwa. Leo kigwe cha kulia kwa mara ya kwanza kilikuwa kwenye lijamu, mkono ulikuwa unanitetemeka kuliko yeye, nikakamua kidogo sana kama sponji, akageuza pua kulia, nikaachia, sikio likarudi kwangu. Nilimsimamisha palepale nikamvua, nikaweka kiganja chini ya kidevu nikangoja. Aliilamba lamba kwanza. Kisha akaiangusha mkononi imejaa povu na hakuondoa kichwa, alibaki amekiegemeza begani kwangu.

Bosi alikuwa amesimama kwenye uzio, sikujua. Karatasi ya dokta kaisoma. Kasema wageni watapata farasi wa kukodi kwa jirani, huyu asubiri mpaka mwaka ujao ndiyo wapande wageni, sasa hivi ni dada mmoja wa jikoni ana kilo 48 na haogopi ndiye tutajaribu naye.

Mzee wa Ngong, tandiko anaanza lini?

---

saisi_wa_ngong

Ngoja siku nne zaidi, vigwe vyote viwili kwa lijamu, kulia na kushoto sawasawa. Halafu leta tandiko bila vikuku vya kukanyagia, bila mtu, weka juu ya godoro dogo asiumwe na baridi ya ngozi, mkanda wa tumbo kaza tundu moja, mtembeze, kaza lingine. Umpige picha ukiwa umesimama upande wake wa kulia nione hiyo pembe ya mdomo imepona namna gani, uniwekee hapa.